Breki ya Shangazi

Wanawake wengine huolewa wakaja na masanduku ya nguo na seti ya vikombe. Mke wa Pasi aliolewa akaja na buldoza. Lilikuwa la marehemu baba yake, kongwe, la minyororo, la enzi zile ambazo bledi, yaani lile bamba pana la mbele linalosukuma udongo, iliinuliwa kwa waya. Waya huo wa chuma ulitoka kwenye winchi ya nyuma, ukapita juu ya kichwa cha dereva, ukashuka mbele kwenye kapi. Walilipa jina la Shangazi kwa sababu lilichelewa kuamka, lilipiga kelele kuliko mtu yeyote nyumbani, na hakuna aliyethubutu kuliambia liondoke.

Kazi waligawana tangu mwanzo. Mke alikuwa fundi, kama alivyofunzwa na baba yake, na mume alikuwa dereva. Mume watu walimwita Pasi, maana ardhi aliyopita na Shangazi ilinyooka kama shati la bwana harusi, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Mke wakamwita Fundi, basi, bila mapambo. Mama mkwe aliishi nao, akashinda barazani na redio yake iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na kila mgeni aliyefika alimwambia kwamba mwanawe hakuoa, aliajiriwa.

Fundi alikuwa ameshafungua na kufunga kila kiungo cha Shangazi isipokuwa kimoja, breki ya winchi. Hiyo Pasi hakutaka iguswe. Na hiyo ndiyo iliyokuwa na kazi ya kuizuia bledi isianguke. Ukivuta wenzo nyuma, waya unajiviringisha kwenye pipa la winchi na bledi inapanda. Ukiurudisha katikati, ukanda wa breki unalikaba pipa na bledi inabaki hewani. Ukiusukuma mbele, breki inaachia na bledi inashuka. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Breki ya Shangazi ilishika bledi kama mlevi anavyoshika ahadi. Ungeiacha usawa wa kifua ukaenda kunywa maji, ungerudi ukaikuta magotini.

Pasi alikuwa na majibu tele. Breki kali inaua waya. Breki hii ameizoea. Na zaidi ya yote, anayeishika bledi ni Mungu. Fundi alimjibu mara nyingi kwamba Mungu ana shughuli nyingi, hakuwahi kuomba kazi ya breki. Kama yeye Pasi hataki itengenezwe, basi angalau aweke gogo chini ya bledi kila anaposimama. Gogo lenyewe alimtafutia, zito, la mti mgumu, akalipaka rangi nyekundu lisisahaulike. Pasi alilishukuru sana gogo lile. Alilikalia kila mchana akila chakula.

Mwezi uliopita alikuwa mbele ya Shangazi akikwangua matope chini ya bledi, na bledi ikashuka. Haikushuka polepole kwa desturi yake, ilianguka. Bahati yake alikuwa ameshageuka kumjibu mtu, mguu mmoja tu umebaki nyuma, na bledi ikakata kisigino cha buti lake la mpira kama kisu kinavyokata ncha ya karoti. Ngozi haikuchubuka. Pasi alicheka mpaka akakaa chini. Hadithi akaisambaza, akiinua mguu kuonyesha, na kila alipoisimulia aliongeza chumvi, hadi ikafika mahali ambapo aliiona bledi inakuja akaamua tu kutosogea. Buti aliendelea kulivaa, akichechemea upande mmoja kwa fahari. Kisigino alikitafuta akigundishe, asikione, akamsingizia mbwa. Soksi yake nayo ilikuwa na tundu, akawasingizia panya.

Kisigino kilikuwa mfukoni mwa ovaroli ya mkewe. Alikiokota mwenyewe siku ileile, akakigeuza, akakitazama ndani, akakitia mfukoni asimwambie mtu. Tangu hapo hakuicheka tena ile hadithi. Usiku alimsikiliza mumewe akikoroma na akashukuru kwa kila mkoromo, yeye ambaye kwa miaka alikuwa akimpiga viwiko kwa ajili hiyo. Mara mbili alijaribu kumwambia jinsi alivyoogopa, na mara zote mbili wakaishia kugombana kuhusu mboga.

Kilichomsaidia ni jino. Gego la Pasi lilioza hadi shavu likamvimba, na mtu aliyesema haogopi bledi akapelekwa kwa daktari wa meno akishikwa mkono na mama yake. Aliagizwa kupumzika, akapumzikia kwa dada yake mjini, ambako hulishwa uji na kuhurumiwa. Mama mkwe alirudi peke yake. Alimkuta Fundi ameshachomoa kila spana sandukuni na kuzipanga chini, akamuuliza anafanya nini. Fundi akasema anasafisha. Mama mkwe akasema ni vizuri, akaongeza sauti ya redio.

Kwanza aliishusha bledi hadi chini, kwa sababu alikuwa na hasira, hakuwa na wazimu. Waya ukalegea. Akafungua kifuniko cha winchi na harufu ikamweleza kila kitu kabla hajachungulia: oili iliyoungua. Sili ya shafti, ule mpira unaozuia oili isivuje, ilikuwa imechoka tangu zamani, na oili ya gia ilidondokea breki tone kwa tone. Bitana ya ukanda, ile tabaka ngumu inayotakiwa kukwaruza chuma na kukishika, iling'aa kama kipara. Breki gani itashika kwa kipara kilichopakwa mafuta? Aliitukana kwa sauti ya chini, halafu akakumbuka kwamba mama mkwe hasikii kwa sababu ya redio, akaitukana vizuri.

Sili mpya alikuwa nayo, aliificha zamani ndani ya kopo la majani ya chai akingojea siku kama hii. Akaibadilisha. Akaliosha pipa la winchi kwa petroli na kulisugua kwa msasa mpaka ule mng'ao wa uongo ukatoka. Bitana ya zamani akaing'oa kwa tindo. Akakata mpya, akaitoboa, akaifunga kwa misumari ya ribiti, na kila kichwa cha ribiti akakizamisha ndani, maana baba yake alikuwa akisema ribiti inayochungulia nje ni mwizi, italila pipa huku wewe ukiisifu breki.

Ikabaki nati ya kurekebishia, na hapo ndipo mafundi wengi hujiaibisha. Ukikaza mno, breki haiachii, pipa linapata moto na bledi inagoma kushuka. Ukilegeza mno, umerudi ulikotoka. Fundi alikaza mpaka pipa likagoma, akalegeza kidogo, akasukuma wenzo, akasikiliza, akakaza tena kidogo kuliko alivyolegeza. Alipoona imekaa, akawasha Shangazi, akainua bledi usawa wa kifua, akazima. Akachora mstari wa chaki kutoka kwenye pipa hadi kwenye mwili wa winchi, akaenda kupika. Wakala, mama mkwe akalalamikia chumvi, vyombo vikaoshwa. Aliporudi, mstari ulikuwa umenyooka vilevile, haukuachana hata kwa unene wa kucha. Fundi akakaa chini akalia. Kisha akajifuta uso kwa kitambaa cha grisi, akawa na masharubu mpaka jioni.

Mwisho akapaka matope juu ya kifuniko kisionekane kimefunguliwa. Katika ndoa yao hapakuwa na siri nyingine kubwa kuliko hiyo.

Pasi alirudi na shavu kama ameficha andazi, hawezi kusema, na kwa hiyo hawezi kuuliza. Asubuhi yake alimpanda Shangazi wakaenda uwanjani. Ulikuwa uwanja wa mpira wa mji, na nusu yake alikuwa ameimaliza kabla ya jino. Nusu hiyo ilikuwa imenyooka kiasi kwamba Msimamizi wa kazi, mwanamume mwembamba ambaye hakuvua fulana yake ya kung'aa hata akiwa ofisini, alikuwa akiwaleta wageni waitazame. Fundi alifuata nyuma na bomba la grisi kama kawaida yake. Moyo ulimdunda kwa furaha. Aliwaza kwamba atamwacha amalize safari moja, aone jinsi bledi inavyotulia, halafu amwambie kwa upole, naye atamshukuru.

Pasi akashusha bledi, akaanza safari. Ardhi iliyotoka nyuma yake ilikuwa na mikunjo kama mabati.

Akasimama, akageuka nyuma, akatazama kama mtu aliyejikuta amevaa suruali ya mtu mwingine. Akarudia. Mabati yakawa makubwa zaidi. Akarudia tena kwa mwendo wa polepole, taya limekazwa juu ya pengo la jino, na safari hii vikatokea vilima ambavyo juu yake ungeweza kupanda viazi.

Fundi hakuitazama ardhi. Alikuwa akiutazama mkono wa kulia wa mumewe, na hapo akaona kosa lake lote. Kila baada ya pumzi chache, mkono ule ulivuta wenzo kidogo na kuinua bledi, kwa sababu kwa miaka yote bledi ilikuwa ikishuka yenyewe na mkono ukajifunza kuirudisha. Pasi mwenyewe hakuwa na habari. Mkono haukuwahi kumwambia. Sasa bledi haikushuka tena, lakini mkono uliendelea kuinua, halafu macho yakaona bledi imepanda, mkono ukaishusha kwa nguvu, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa uwanja. Fundi alikuwa ametengeneza breki akausahau mkono. Mazoea yana taabu, na haya aliyalea yeye mwenyewe kwa kuiacha breki mbovu miaka yote.

Msimamizi alikuja kujionea. Aliomba mpira, akauweka chini, akaupiga teke la adabu. Mpira ukaruka, ukazama, ukaruka, ukapinda, ukarudi kwake. Kwenye uzio palikuwa na watu waliokuja kutazama kazi za wenzao, kama watu wasio na kazi wanavyopenda, na mmoja wao akaita, "Matuta!" Wote wakacheka. Jina likashika papo hapo, kuliko hata breki. Msimamizi akasema kesho ni siku ya mwisho, uwanja usiponyooka ataleta mashine nyingine, ya kisasa, na dereva wake.

Walipofika nyumbani Pasi alizima injini, akazunguka nyuma, akakwangua matope kwenye kifuniko kwa ukucha. Chini yake bolti zilikuwa safi.

"Umegusa breki yangu," akasema.

"Ya baba yangu," akasema Fundi.

Mama mkwe alidakia kutoka barazani kwamba breki ya zamani ilikuwa na heshima, haikuwahi kumvunjia mtu jina. Pasi akataka ilegezwe. Nusu raundi ya nati tu, amalize uwanja, halafu Fundi afanye apendavyo. Fundi alizijua "halafu" zake. Paa la choo lilikuwa likisubiri mojawapo tangu mtoto wao wa mwisho yuko tumboni, na mtoto huyo sasa alikuwa na mke. Akakataa. Akaomba radhi kwamba amefanya kwa siri, akakiri kwamba hakufikiria mkono, lakini breki hailegezwi.

Pasi alikaa juu ya gogo lake jekundu. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuonekana mkali, alionekana mzee.

"Mkono huu hauna ujuzi mwingine," alisema. "Mimi bila breki ile ni mtu tu anayeharibu ardhi. Leo wameniita Matuta. Kesho wataniambia nikafyeke nyasi."

Fundi alimhurumia. Angeweza kukubali. Nati ile ilikuwa karibu, spana ilikuwa karibu zaidi, na mtu wake alikuwa anaumia. Lakini mkono wake mwenyewe ulikuwa mfukoni, umekishika kile kisigino, na akasema hapana tena.

"Basi nitalegeza mwenyewe," Pasi akasema, akainuka, akachukua spana.

"Legeza. Ila inua bledi kwanza, nione itakavyoshuka."

Pasi akawasha, akaivuta bledi juu, akazima. Fundi akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha chai na ndoo tupu. Akaifudikiza ndoo chini ya bledi, katikati kabisa, akaketi juu yake, akakunja mguu. Ni jambo ambalo baba yake angemzaba kofi kwalo hata jeneza lake likiwa limeshafungwa. Hakuna fundi anayekaa chini ya chuma kilichoinuliwa, awe ametengeneza breki yeye au malaika.

"Toka hapo," Pasi akasema.

"Nakunywa chai."

"Fundi, nimesema toka."

"Wewe uliwahi kutoka? Ni nusu raundi tu. Endelea na kazi yako."

Pasi alipima uzito wa spana mkononi. Kisha, kwa kuwa alikuwa mkaidi na alimjua mkewe kuwa mkaidi, na kila mmoja akiamini mwenzake atachoka kwanza, akazunguka akaenda nyuma kwenye winchi. Barazani mama mkwe alizima redio, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mazishi ya mumewe.

Kutoka alipoketi Fundi hakuweza kumwona mumewe. Aliweza kuona chini ya tumbo la Shangazi, katikati ya minyororo, hadi upande wa pili, na huko aliona mabuti mawili, moja zima na moja bila kisigino. Akanywa chai kwa kuifyonza, kwa kelele, kama mtu asiye na malezi, ili asikike. Akasikia spana ikigusa nati. Mlio wake ulikuwa mdogo sana. Akatambua kwamba anaogopa, si kidogo, na kwamba ndoo inalia chini yake. Breki aliiamini. Kila ribiti aliijua. Asichokuwa na uhakika nacho ni kama yule mtu wa upande wa pili, na pengo lake, na jina lake lililovunjika, na miaka yote ya kuamini kwamba hakuna kitu kinachoanguka, angeelewa kwa wakati. Akafyonza chai tena. Ilikuwa imekwisha, akafyonza hewa.

Mabuti hayakusogea. Spana haikusogea. Kisha ikaanguka chini, ikalia juu ya jiwe, na mabuti yakaondoka yakichechemea.

Alidhani ameingia ndani kununa. Alisikia kitu kizito kikiburutwa, na Pasi akatokea mbele, amekumbatia gogo jekundu, anahema, jasho linamtiririka hadi kwenye shavu bovu. Akalisimamisha chini ya bledi, akalipiga kwa bega mpaka likakaa sawasawa.

"La nini?" Fundi akauliza. Sauti yake haikumtii. "Breki inashika."

"Najua inashika. Nimeiona." Akavuta pumzi. "Nilipoweka spana pale ndipo nilipojua hiki chuma kina uzito gani. Sogea."

Fundi akasogea, na mwanamume mzima akajibana kwenye nusu ya ndoo. Fundi alitoa kisigino mfukoni akampa. Pasi akataka kumlaumu kwa ajili ya mbwa, lakini kwanza akakigeuza. Upande wa ndani, kwenye mpira uliokatwa laini, palikuwa na nyuzi za kijivu zilizonasa. Akazivuta kwa kidole. Zilikuwa nyuzi za soksi.

Akaziweka kiganjani, akakumbuka lile tundu la soksi alilowasingizia panya. Barazani mama mkwe aliuliza kama wamekufa au aendelee na redio.

"Na wewe umetembea na hiki mfukoni mwezi mzima," Pasi akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nachekesha watu."

Pasi akamwegemea, na ndoo ya watu, isiyoomba ugomvi na mtu, ikapasuka.

Asubuhi iliyofuata watu wa uzio walikuja mapema kuliko wafanyakazi, wasipitwe. Walimwona Matuta anakuja na buldoza lake, na nyuma ya kiti chake, amejishikilia kwenye chuma kwa mkono mmoja, mkewe amesimama na mwiko wa jikoni. Bledi ikashushwa, safari ikaanza. Kila mkono wa Pasi ulipokwenda kwenye wenzo bila sababu, mwiko ulitua juu ya kifundo chake, ko. Wakaenda hivyo kutoka goli hadi goli, ko, ko, na watu wa uzio wakacheka hadi wengine wakalala chini, na Msimamizi akageuka akajifanya anakagua mawingu. Safari ya kwanza mabati yalibaki. Ya pili yakapungua. Jua lilipofika utosini mwiko ulikuwa unapumzika muda mrefu, na mkono wa Pasi ulikuwa ukiinuka nusu njia, unajishtukia, unarudi gotini wenyewe. Nyuma yao ardhi ilikuwa imeanza kulala.

Saa ya chakula Pasi alizima injini. Aliteremka, akaliburuta gogo, akalisimamisha chini ya bledi iliyokuwa imetulia hewani bila kushuka hata kidogo, akalipiga kwa bega. Hapo pa kukalia hapakuwapo tena, ikabidi ale amesimama.

"Matuta!" mtu akaita kutoka kwenye uzio.

Pasi alimeza tonge, akageuka na buti lake lisilo na kisigino, akaitika.